Namna ya Kupima Ueneaji wa Kisukari Katika Makao ya Wazee Mjini Mombasa

Ukimuuliza msimamizi wa makao ya wazee ni wangapi kati ya wakazi wake wana ugonjwa wa sukari, aghalabu atafungua daftari la dawa, ahesabu majina ya wanaomeza metformini na wanaodungwa insulini, kisha akupe jawabu bila kusita. Jawabu hilo si la uongo, lakini linajibu swali jingine, nalo ni wangapi waliokwisha kuambiwa kwamba wanaugua. Kwa wazee pengo baina ya maswali hayo mawili ni kubwa, kwa sababu kisukari cha uzeeni huja kimyakimya. Hisia ya kiu hupungua kadiri mtu anavyozeeka, hivyo mzee mwenye sukari nyingi huenda asiombe maji kabisa. Kukojoa usiku hudhaniwa ni tezi dume. Kuona ukungu hudhaniwa ni mtoto wa jicho. Na uchovu haumshangazi mtu yeyote, kwa kuwa mzee hutarajiwa achoke.

Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha pengo hilo waziwazi. Wakazi wa makao ya wazee waliojulikana kuwa na kisukari walikuwa takriban 12 kwa mia, lakini wale wasiojulikana walipopimwa kwa kunyweshwa glukosi, makadirio ya jumla yalipanda yakapita robo ya wakazi wote. Hapa kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 wa visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliwahusu watu wa miaka 18 hadi 69, na karibu 88 kati ya kila watu 100 walisema hawajawahi kupimwa sukari katika maisha yao. Wenye miaka 70 na kuendelea hawakuwamo katika uchunguzi huo, nao ndio wanaojaza vitanda vya makao ya wazee. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya makao ya Mombasa hana budi kwenda kupima mwenyewe. Maelezo haya yamekusudiwa muuguzi, afisa wa afya ya umma, mwanafunzi wa udaktari au msimamizi wa makao aliye tayari kuifanya kazi hiyo.

Kuamua ni nani anayehesabiwa

Ueneaji ni sehemu mbili: juu wako wenye ugonjwa, chini wako wote ambao wangeweza kuwa nao. Watu wengi huihangaikia sehemu ya juu na kuiacha ya chini ijipange yenyewe, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika kabla hata tone moja la damu halijachukuliwa. Chagua siku moja ya hesabu, kwa mfano Jumatatu ya pili ya mwezi, uandike kila mkazi ambaye makao hayo ndiyo maskani yake siku hiyo. Aliyelazwa hospitalini siku hiyo bado ni mkazi, na aliyechukuliwa na jamaa zake kwa wiki moja bado ni mkazi. Mzee aliyeletwa mchana tu kwa chakula na mazungumzo kisha akarudi kwake jioni si mkazi, hata kama jina lake limo katika daftari la jikoni. Ukiwaacha waliolazwa, utakuwa umewaondoa hasa wale ambao huenda sukari ndiyo iliyowalaza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua mzee kuwa mtu aliyezidi umri wa miaka 60, na ni busara kuufuata mpaka huo ili takwimu zako ziweze kusomwa pamoja na nyingine za nchini. Katika makao mengi utakuta pia watu wa miaka 50 na kitu walioletwa kwa sababu ya kiharusi au ulemavu. Hao wapimwe wakipenda, maana afya yao ina thamani ileile, lakini waandikwe kando wala wasiingizwe katika hesabu ya wazee.

Orodha ya makao yenyewe itakutaka kutembea. Ipitie kaunti yote, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, ukianza na ofisi inayoshughulikia ustawi wa jamii, kisha uende kwa makanisa, misikiti na jumuiya nyingine za dini, kwa sababu yako makao madogo yanayoendeshwa kwa sadaka katika nyumba ya kawaida, na huwezi kuyajua ila kwa kuuliza mtaani. Usiyadharau hayo madogo. Mara nyingi ndiyo yasiyotembelewa na muuguzi, na yakiachwa utapata picha ya makao yenye uwezo peke yake.

Jambo jingine lazima liwekwe wazi tangu mwanzo: wengi wa wazee wa Mombasa huishi na watoto au wajukuu wao. Wanaoishi makaoni wameletwa na upweke, umaskini au maradhi, na baadhi yao wameletwa kwa sababu ya kisukari chenyewe, baada ya kukatwa mguu au kupofuka na kukosa wa kuwatunza. Kiwango utakachopata ni cha makaoni, na hakifai kutangazwa kuwa ni cha wazee wa Mombasa kwa jumla.

Je, upime wote au sampuli? Tuseme unatarajia ueneaji wa asilimia 25 na unataka kosa lisizidi asilimia 5 upande wowote. Kanuni ya kawaida, yaani mraba wa 1.96 mara 0.25 mara 0.75, ugawe kwa mraba wa 0.05, itakupa watu 289. Lakini kama wakazi wote wa makao uliyoyaorodhesha ni 180 tu, marekebisho ya idadi ndogo yatashusha hitaji hadi watu 111 hivi. Pia wakazi wa nyumba moja hufanana, kwa kuwa hula chungu kimoja na huchaguliwa kwa utaratibu mmoja, na mfanano huo hupandisha tena idadi inayohitajika. Ushauri wangu ni kuwa, kwa ukubwa wa makao yetu, mpime kila mkazi anayekubali. Hutalazimika kumweleza Bi mmoja kwa nini mwenzake wa kitanda cha pili amepimwa na yeye ameachwa.

Umri usioandikwa

Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho mara nyingi ulikadiriwa na karani. Tumia matukio ambayo mtu wa Pwani anayakumbuka: mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Mombasa wa Januari 1947, uhuru wa Desemba 1963, mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, kifo cha Mzee Jomo Kenyatta hapa Mombasa mwezi Agosti 1978. Usimuulize mzee alikuwa na miaka mingapi. Muulize alikuwa akifanya nini. Mama anayekumbuka kwamba wakati wa uhuru alikuwa tayari ana mtoto anayetembea ana uwezekano mdogo sana wa kuwa chini ya miaka 75 leo. Andika makadirio yako na uandike pia kwamba ni makadirio; katika uchambuzi makundi ya miaka kumi kumi, 60 hadi 69, 70 hadi 79, na 80 na zaidi, yatatosha.

Ruhusa, na ridhaa ya mzee mwenyewe

Kama kazi yako ni utafiti utakaochapishwa, utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na idhini ya idara ya afya ya kaunti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo majina yahifadhiwe mbali na matokeo, na fomu za kupimia ziwe na namba tu. Makaratasi haya huchukua muda mrefu kuliko upimaji wenyewe, basi anza nayo.

Ridhaa ndiyo inayohitaji subira zaidi. Msimamizi anaweza kukuruhusu kuingia getini, lakini hawezi kukuruhusu kumdunga mtu kidole. Keti na kila mzee peke yake, mwamkie kwa shikamoo kama inavyostahili, mwite mama, bibi, babu au mzee kama anavyoitwa pale, na mweleze kwa lugha anayoielewa vyema. Wako watakaohitaji Kigiriama, Kidigo, Kitaita au Kikamba. Eleza damu inakwenda wapi, ni kiasi gani, na kwamba haitafanyiwa jambo jingine. Hili si jambo dogo. Pwani wapo wazee waliokimbia vijiji vyao, hasa upande wa Kilifi, kwa sababu ya tuhuma za uchawi, na mtu aliyepitia hayo ana haki ya kumtilia shaka mgeni anayetaka damu yake. Asiyeweza kusoma aweke alama ya kidole gumba mbele ya shahidi ambaye si mfanyakazi wa makao. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, tafuta ridhaa ya jamaa au mlezi wa kisheria, na hata ukiipata, akiuvuta mkono wake siku ya kupimwa, muache. Wapo pia watakaokataa kwa utulivu kabisa, wakisema, "Mwanangu, mimi sitaki kujua." Andika kwamba amekataa, mshukuru, na uendelee.

Kuwatambua wanaojulikana tayari

Muulize kila mkazi: je, daktari, afisa wa kliniki au muuguzi amewahi kukuambia kwamba una sukari? Kisha omba kidaftari chake cha kliniki, na uombe kuuona mfuko wake wa dawa, kwa sababu dawa husema yale ambayo mzee ameyasahau. Metformini, glibenklamaidi, gliklazidi na insulini zinatosha kumweka mtu katika kundi la wanaojulikana. Iwapo aliwahi kuambiwa mara moja tu, miaka mingi iliyopita, na hana karatasi wala dawa, usimweke katika kundi hilo; mpime pamoja na wasiojulikana, kisha matokeo yaamue. Kinyume chake, anayetumia dawa na kipimo chake kikawa kizuri bado anahesabiwa kuwa na kisukari. Uzuri wa kipimo umetokana na dawa.

Kutoka hapa yafuata jambo linalopunguza hatari nyingi: wanaojulikana hawana haja ya kukaa njaa kwa ajili ya hesabu yako. Wamekwisha kuhesabiwa. Mzee anayetumia glibenklamaidi au insulini akinyimwa chakula cha asubuhi anaweza kushukwa na sukari mpaka akapoteza fahamu. Waache wapate staftahi na dawa zao kwa wakati wake, na ukitaka kujua kama ugonjwa wao umedhibitiwa, chukua damu ya HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari wa miezi ya karibuni, ambayo haihitaji kufunga.

Kuchagua kipimo

Shirika la Afya Duniani linakubali njia tatu kuu. Ya kwanza ni glukosi ya plazima, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, baada ya kukaa bila kula kwa saa 8 au zaidi, na mpaka wa kisukari ni milimoli 7.0 kwa lita, sawa na miligramu 126 kwa desilita. Ya pili ni kunywa gramu 75 za glukosi katika maji, kisha kupimwa baada ya saa 2, na mpaka ni milimoli 11.1. Ya tatu ni HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, na mpaka ni asilimia 6.5. Kipimo cha wakati wowote, bila kujali chakula, kinafaa kwa mgonjwa mwenye dalili aliyekuja kliniki. Kwa kazi ya kuhesabu ueneaji hakifai.

Kila njia inamkamata mzee kwa namna yake. Kwa wazee, hasa waliokonda, sukari ya baada ya mlo hupanda mapema kuliko ile ya asubuhi, kwa hiyo kipimo cha njaa peke yake huwapita wengi ambao kipimo cha kunywa glukosi kingewanasa. Lakini kumnywesha mtu wa miaka 85 maji matamu kupindukia tumbo likiwa tupu, kisha kumweka kitini saa mbili, ni adha, na wengi watakataa au watatapika. HbA1c haina adha hiyo, ila hupotoshwa na damu yenyewe: upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha isivyo haki, na kuongezewa damu karibuni, figo kushindwa au chembe nyekundu kufa mapema huweza kuishusha. Pwani wabebaji wa selimundu si wachache, na baadhi ya mashine za HbA1c husoma vibaya damu yao, basi iulize maabara kwa maandishi, kabla hujaanza, kama mashine yao inaathiriwa.

Kwa makao yetu ningechagua sukari ya njaa na HbA1c kwa pamoja, kutoka mchomo mmoja wa mshipa, na kipimo cha hemoglobini juu yake ili upungufu wa damu ujulikane. Mtu ambaye vipimo vyote viwili vimepita mpaka, amethibitika siku hiyohiyo. Ambaye kimoja tu kimepita, na hana dalili, arudiwe kipimo hicho siku nyingine. Katika ripoti toa namba zote mbili, ya waliopita mpaka mara moja na ya waliothibitika, kwa sababu tafiti nyingi huhesabu kwa kipimo kimoja na msomaji atataka kulinganisha. Wenye sukari ya njaa ya milimoli 6.1 hadi 6.9 waandikwe kando, maana hawajafika kwenye kisukari.

Kama fedha haziruhusu maabara, kipima sukari cha mkononi kinaweza kutumika kwa makadirio, mradi ripoti iseme hivyo waziwazi. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi kinaziruhusu kupotoka hadi asilimia 15 kwa sukari ya milimoli 5.55 na zaidi. Maana yake, mtu ambaye maabara ingemwandikia 6.5 anaweza kusomwa 7.3 na akaingizwa katika orodha bila kustahili. Kila aliyepita mpaka kwa mashine ya mkononi ni lazima apimwe tena kwa plazima kabla ya kuambiwa kwamba anaugua.

Asubuhi ya kupima

Katika zoezi la kwanza nililoshiriki tulifika makaoni saa mbili asubuhi, tukiwa na yakini kwamba wazee hawajala, kwa sababu tulikuwa tumemwambia msimamizi. Msimamizi hakuwa amemwambia mpishi wa zamu ya usiku. Saa kumi na moja na nusu, baada ya sala ya alfajiri, mpishi alikuwa amewapitishia wazee chai ya maziwa yenye sukari kama anavyofanya kila siku kwa mapenzi yake, na waliopenda walipata hamri la jana. Vipimo vya siku ile havikufaa kitu, nasi tulikuwa tumekwisha kuwadunga wazee wasiostahili kudungwa bure. Tangu siku hiyo nimejifunza kuzungumza na mpishi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Fanya hivi. Mkutane na jikoni siku mbili kabla. Chakula cha jioni kiwe kilekile cha kila siku na kiishe saa mbili usiku. Maji yanaruhusiwa usiku kucha. Timu iwe imefika saa kumi na mbili asubuhi, na damu ya mwisho iwe imechukuliwa kabla ya saa mbili na nusu. Yule aliyemaliza apewe chai na kifungua kinywa papo hapo, asisubiri wenzake. Gawanya makao makubwa katika siku mbili tatu badala ya kuwaweka watu njaa mpaka saa nne. Muulize kila mmoja, kwa upole na bila kumhukumu, kama tangu jana usiku amekula au kunywa kitu chochote chenye utamu, na uandike jibu lake. Peremende iliyofichwa chini ya mto nayo ni chakula.

Usifanye kazi hii katika mwezi wa Ramadhani. Wazee wengi hula daku karibu na alfajiri, saa za kula zinageuka, na wenye afya dhaifu wanakuwa tayari wamebeba mzigo wa kutosha. Subiri hata wiki chache zipite baada ya Idi. Vilevile, mzee aliye na homa, nimonia au kidonda kilichooza, au anayemeza dawa ya steroidi kama prednisoloni, sukari yake inaweza kupanda kwa sababu hiyo tu. Mwandike, na umpime wiki kadhaa baada ya kupona.

Kama unatumia kidole, mikono ioshwe kwa maji na sabuni na ikauke kabisa. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa maana mtu aliyemenya embe au chungwa hubaki na sukari kidoleni, na mashine itaisoma kana kwamba imetoka mwilini. Choma ubavu wa ncha ya kidole, mahali ambapo maumivu ni machache. Sindano ya kuchoma ni moja kwa mtu mmoja, na kishikio cha sindano kisitumiwe kwa watu wawili hata ukibadilisha sindano. Huko Marekani imethibitika mara kadhaa kwamba homa ya ini aina ya B ilienea kati ya wakazi wa makao ya wazee kwa njia hiyo. Kisanduku cha vyenye ncha kiwe karibu na mkono wako.

Joto na unyevu wa Mombasa ni adui wa vijiti vya kupimia. Vingi vyatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 4 na 30, na gari lililoegeshwa juani kule Nyali hupita kiwango hicho kwa dakika chache. Vibebe katika kisanduku kisichopitisha joto, funga kifuniko cha kichupa mara tu unapotoa kijiti, na kila asubuhi ijaribu mashine kwa maji yake maalumu ya kuhakikisha kabla ya mzee wa kwanza.

Kwa damu ya maabara, tumia chupa yenye kizibo cha kijivu kwa glukosi. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, na bila ya hifadhi glukosi hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Dawa iliyomo katika chupa hiyo huzuia upungufu huo, lakini si mara moja, ndiyo maana barafu nayo inahitajika. Ukitoka Likoni na maabara iko kisiwani, hesabu foleni ya feri katika mpango wako. Njia bora ni kwenda na mashine ndogo ya kutenganisha damu na kuitenganisha hukohuko makaoni ndani ya nusu saa.

Hata ukiwa mwangalifu, mtu anaweza kushukwa na sukari. Akitetemeka, akitoka jasho jembamba au akianza kusema yasiyoeleweka, mpime. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha mpe chakula. Asiyeweza kumeza asipewe chochote mdomoni, apelekwe hospitalini.

Hesabu

Chukua mfano niliouunda kwa ajili ya maelezo tu. Makao yote yana wazee 120. Wanaojulikana kuwa na kisukari ni 18. Wanabaki 102, na kati yao waliopimwa ni 90, kwa kuwa 12 walikataa au hawakuweza. Katika hao 90, wagonjwa wapya ni 9.

Njia ya haraka ni kujumlisha 18 na 9, ugawe kwa 120, upate asilimia 22.5. Hapo umewahesabu wale 12 wasiopimwa kuwa wazima, na hukuwa na haki ya kufanya hivyo. Njia nyingine inayopendwa ni kugawa 27 kwa 108, yaani wanaojulikana pamoja na waliopimwa, upate asilimia 25. Hapo umewaondoa wale 12 kutoka upande wa wasiojulikana peke yake, na wanaojulikana wakapata uzito kuliko haki yao. Njia iliyo sawa ni kuchukua kiwango cha wasiojulikana waliopimwa, 9 kwa 90, ambacho ni asilimia 10, ukitumie kwa wasiojulikana wote 102, upate 10.2, jumlisha na 18, upate 28.2, gawa kwa 120, nayo ni asilimia 23.5. Kutoka hapo unaweza kusema pia kwamba zaidi ya theluthi moja ya wenye kisukari makaoni, 10.2 kati ya 28.2, walikuwa hawajui. Kwa mtu anayepanga huduma, namba hiyo ya mwisho ndiyo inayomwambia kazi iko wapi.

Onyesha pia ncha mbili. Kama wale 12 wote ni wazima, ueneaji ni asilimia 22.5, kama wote wanaugua, ni asilimia 32.5. Eleza ni watu wa namna gani, kwa sababu mara nyingi ni walio kitandani na wenye ugonjwa wa kusahau, ambao huenda hawafanani na waliopimwa. Ukitaka kukadiria kwa ajili ya makao mengine yanayofanana na haya, weka kiwango cha uhakika cha asilimia 95 (mipaka miwili ambayo ueneaji halisi unatarajiwa kuwa kati yake), ambacho kwa mfano huu ni takriban asilimia 16 hadi 31, na kitapanuka zaidi ukizingatia mfanano wa wakazi wa nyumba moja. Upana huo usikutie haya, uandike ulivyo. Kabla ya kulinganisha na makao ya mji mwingine, tenganisha kwa jinsia na kwa makundi ya umri, la sivyo utadhani umeona tofauti ya sukari kumbe ni tofauti ya miaka.

Kurudi na majibu

Kila aliyetoa damu apewe jibu lake, kwa faragha, ndani ya wiki moja, na yule ambaye sukari yake iko juu sana, au ambaye mashine imeandika HI, yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Kabla ya kuanza kupima uwe umekubaliana na kliniki itakayowapokea wagonjwa wapya, iwe ni ya hospitali ya karibu au ya Hospitali ya Rufaa ya Coast General, pamoja na namna watakavyofikishwa huko, maana mzee asiyeweza kutembea hatapanda matatu. Waeleze walezi kwamba lengo la matibabu kwa mzee dhaifu ni legevu kuliko la kijana. Miongozo ya kimataifa inaruhusu HbA1c ya karibu na asilimia 8 kwa mtu mwenye maradhi mengi, kwa sababu kushukwa na sukari humwangusha na kumvunja nyonga upesi kuliko sukari iliyopanda kidogo inavyomdhuru.

Msimamizi apewe jumla ya makao yake, bila majina ya waliokataa. Katika ripoti ya wazi, nyumba yenye wakazi wanane isitajwe peke yake, kwani kila jirani atajua ni nani. Mwachie pia fomu moja ya kumpima kila mkazi mpya katika wiki yake ya kwanza, na mkubaliane tarehe ya hesabu ijayo, mwaka mmoja baadaye, katika mwezi uleule na kwa vipimo vilevile, mkiangalia kwanza kalenda ya Ramadhani, ambayo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka.